Saa Mia Sita Zisizo Zangu

Adapta ya kompyuta ikichemka kupita kiasi hutoa harufu ambayo sijawahi kuisikia kwenye kitu kingine: plastiki inayotaka kuungua, vumbi la zamani, na kwa mbali kama maharage yaliyoshika chini ya sufuria. Wiki iliyopita adapta ya hapa dukani ilichemka hivyo. Nina duka dogo la kutoa kopi na kuchapa barua hapa Mbamba Bay, na siku hiyo nilikuwa nachapa risala ya harusi. Nikachomoa waya, nikafungua mlango, upepo wa ziwa ukaingia na harufu ikatoka. Mimi nikabaki nimekaa na waya mkononi, kwa sababu kimawazo nilishafika Mbinga, kwenye chumba cha Mjomba Teo, nina miaka kumi, na mtu mzima ananiuliza nimeua watu wangapi.

Vijana wawili waliokuwa wanasubiri risala yao walikuwa kwenye benchi wanabishana. Mmoja alikuwa na simu kubwa, ameweka lile duka la mtandaoni la kununulia magemu. Anasema uzuri wa duka ni vile vikorombwezo vyake: medali unazopata, saa ulizocheza, orodha ya marafiki, watu kuona uko ngazi gani. Mwenzake anasema vyote vile ni takataka, vinakula bando, yeye anataka gemu tu, acheze, azime, alale.

"Bila hivyo nani atajua kama unaweza?" akasema yule wa kwanza.

"Nitajua mimi."

"Wewe ni nani sasa?" Wakacheka wote wawili, kisha wakanigeukia. "Eti Dada Skola, wewe unasemaje? Nikufungulie akaunti?"

Nikasema sitaki. Wakasema dada huyu wa zamani. Sikuwajibu, maana mimi jibu langu huja baadaye, nikishika daftari, na hata hapo nalifuta mara mbili. Basi jibu lenyewe ndilo hili, na nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto kipindi vyumba vya magemu vinaanza kufunguliwa huku kwetu.

Sikubali. Naliweka mbele kabisa msije mkadhani mwishoni nitalegea. Duka liniuzie kitu, liniache. Sikubali lijipe na kazi ya kuandika mimi ni nani na kuwasomea wapita njia. Shule nimeishia kidato cha pili na inawezekana kuna mambo ya mitandao siyaelewi. Lakini hili nalielewa. Na nitajitahidi kutenda haki kwa kila mtu, pamoja na duka lenyewe, kwa sababu nimeona mtu mwema akimhukumu mtoto kwa kusoma ukurasa mmoja.

Mjomba Teo, jina kamili Teofili, ni kitindamimba kwao na Mama. Alirudi kutoka Songea na kompyuta ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, akapanga chumba kimoja mwisho wa mtaa wetu. Asubuhi alichapia watu barua na mikataba ya mashamba. Mchana, barua zikiisha, watoto waliingia kucheza. Kwa msimu ule nje kulinuka kahawa iliyomenywa na kulowekwa, ile harufu chachu inayokaa kwenye nguo, na ukivuka kizingiti unapokelewa na harufu ya adapta. Mpaka leo zile harufu mbili kwangu ni kama mlango: moja ya kazi, nyingine ya raha.

Magemu yake hayakuwa ya kwenye sidii. Aliyanunua kwenye duka lililo ndani ya mtandao, duka lisilo na mlango wala kaunta. Unajiandikisha jina, unachagua gemu, linashuka kwenye mashine taratibu kwa modemu. Gemu moja lilichukua siku tatu, na siku hizo tatu watoto walikuja kuangalia mstari wa kijani ukisogea kama watu wanaosubiri ndizi ziive.

Sasa, jina. Mnajua kwetu mtu akifungua biashara huipa jina la mtoto. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa na jina la binti yake, saluni ina jina la mtoto, hata mtumbwi wa mtu huku ziwani una jina la mwanawe. Mjomba Teo wakati huo hakuwa na mtoto, akanichukua mimi. Akaandika juu ya mlango kwa rangi ya bluu: SKOLASTIKA. Na duka la mtandaoni lilipomuuliza jina la akaunti, akaandika lilelile. Aliona anapigilia kibao cha pili, basi. Hakuna mtu wa Mbinga ambaye angeona ubaya. Ukipita mbele ya mashine ya kusaga iliyoandikwa jina la mtoto, huwezi kudhani mtoto ndiye anayesaga.

Mimi niliringa. Nilizunguka kwenda dukani kwa chumvi kwa njia ndefu ili nipite chini ya jina langu.

Ila kucheza, nilicheza mara tatu. Nazikumbuka zote. Ya kwanza ilikuwa mvua, nimeenda kumpelekea Mjomba mwavuli, akaniweka kwenye kiti nikaendesha gari likaingia mtoni. Ya pili nilimbembeleza. Ya tatu niliiba muda, nilitumwa mkaa, nikacheza mpaka Mama akaja mwenyewe na kanga kiunoni, akasimama mlangoni, na padi ya kuchezea ikaniponyoka. Baada ya hapo Mama akapiga marufuku. Ulikuwa mwaka wangu wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na kahawa ilikuwa kwenye vichanja inahitaji mikono ya kuichambua. Magemu yasubiri.

Kwa hiyo waliocheza ni wenzangu, na mkali wao alikuwa Egidia. Egidia tulikaa dawati moja na tulisoma mafundisho pamoja. Alikuwa na kigugumizi, darasani alikuwa wa mwisho au wa pili kutoka mwisho, na mwalimu akimwita kusoma watu walianza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kwenye kile kiti cha Mjomba alikuwa mtu mwingine. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Akimaliza hatua ngumu, kidirisha kiliibuka pembeni ya kioo na mlio kama tone la maji kwenye debe: Skolastika amepata medali. Chumba kizima kinapiga kelele "Skolaaa! Skola noma!" na Egidia ananyoosha mikono juu. Aliliitikia jina langu kuliko nilivyoliitikia mimi.

Ukurasa wa duka ulikuwa na mengi. Juu kabisa jina, kando yake kitone cha kijani kinachowaka kuonyesha mwenye akaunti yumo. Chini yake saa alizocheza. Chini tena medali, kila moja na picha yake. Siku moja niko bombani na ndoo kichwani, Egidia akatoka mbio kwa Mjomba akanikuta.

"Skola! We-wewe saa hizi unacheza."

"Nachezaje na nimebeba ndoo?"

"Ni-nimekuona. Kitone chako kinawaka."

Watu wakacheka, mimi sikucheka. Nilikwenda nyumbani maji yakinimwagikia mgongoni, nikiwaza. Mafundisho yalitufundisha kwamba matendo ya kila mtu yameandikwa kwenye kitabu, hakuna linalopotea, hata neno ulilosema ukiwa peke yako. Na mimi katika akili yangu ya miaka kumi nikaunganisha: ule ukurasa kwa Mjomba ni kipande cha kile kitabu. Kwa nini sivyo? Una jina langu la ubatizo. Unahesabu wenyewe bila mtu kuandika. Haukosei. Nikaanza kuogopa kwamba kuna sehemu yangu inayotoka ikaenda kukaa kwenye kile kiti huku sehemu yangu iliyobaki iko kwenye kahawa. Mtacheka. Lakini mtoto akikuta jina lake limeandikwa kwa herufi nzuri na watu wanaojua Kiingereza, hana nguvu ya kusema limekosewa.

Hapa nisimame kidogo niseme mazuri ya vile vikorombwezo, maana yalikuwepo. Kwenye kila gemu watu wa nchi mbalimbali waliandika maoni, na maoni hayo yalimwokoa Mjomba. Lilikuwepo gemu moja la mpira alilolitamani mno, akasoma kwamba kwenye mashine dhaifu linaganda, akaliacha. Kulikuwa na sehemu ya kuweka unavyotamani, na watoto walipiga kura ya nini kiwekwe, kwa kunyoosha mikono, wakagombana na kupatana. Mtu mmoja asiyejulikana, wa mbali huko, alimwandikia Mjomba namna ya kupunguza picha ili gemu lisikwame, na hakutaka chochote. Na Egidia. Zile medali zilikuwa sifa ya kwanza maishani mwake. Siwezi kukaa hapa kwa ukaidi wangu nikasema hazikuwa na faida. Nilimwona akitembea baada ya medali. Alitembea vingine.

Lakini zilikuwa na jina langu.

Mwalimu Gaspari, katekista wetu, alifika kwa Mjomba siku ya Alhamisi kuchapisha orodha ya watoto wa Komunyo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mimi nilitumwa kumpelekea Mjomba ugali na dagaa. Nilipokaribia nilimwona Egidia akitoka mbio na kujibanza nyuma ya nyumba. Alikuwa anacheza, amesikia sauti ya katekista, akaacha gemu wazi. Mjomba akalifunga ili achape orodha. Na lile duka lina tabia yake: ukifunga gemu, linajifungua lenyewe kukuonyesha ulichofanya. Hakuna aliyeliomba. Nilipoingia na bakuli, Mwalimu Gaspari alikuwa ameinama mbele ya kioo, miwani kwenye paji la uso, anafuata herufi kwa kidole na kutafsiri polepole kama anavyosoma waraka kanisani.

"Skolastika. Saa... mia sita na kumi na moja. Amepata medali ya... kuua. Kuua elfu moja." Akaondoa kidole. "Teofili, hiki nini?"

"Duka la magemu, Mwalimu. Hilo ni jina la biashara tu."

"Kuua ni biashara?"

"Hapana, Mwalimu, ni maadui wa kwenye gemu, si watu wa kweli. Na wanaocheza ni watoto wengi, wote wanaingilia hapohapo."

"Basi mbona simwoni mwingine hapa? Nionyeshe jina la pili."

Mjomba akatazama kioo. Jina la pili halikuwepo. Ukurasa wote ulikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

Ndipo Mwalimu akageuka akaniona. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema haraka, maana nilichanganyikiwa, na bakuli limeniunguza vidole.

"Milele na milele, amina. Skolastika, umeua watu wangapi?"

Ningesema sijaua, mambo yangeishia pale. Lakini nilifikiri. Mara ile ya tatu niligonga kitu fulani kwa gari, na sikujua kama kilikuwa mtu. Mimi ndivyo nilivyo tangu utoto: ukiniuliza jambo, natafuta kwanza kama kweli sikulifanya. Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

"Hujui!"

"Labda mmoja."

Mjomba akashika kichwa. Mwalimu Gaspari akashusha miwani machoni, akanitazama, na niseme haki, hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni. Alikuwa mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Mpepai, kigango kimoja cha kanisa hadi kingine, akifundisha watoto wa watu, na alinipenda kwa kuwa nilikariri upesi. Akasema Jumamosi nitasimama mbele ya wenzangu, nitaje saa zote nilizopoteza, niombe radhi, nami nitabaki kwenye orodha. Nisiposema, nitarudia mwaka mzima na watoto wadogo.

Mjomba alikosa raha. Siku ya pili yake akaniita. "Mpwa wangu, nimepata dawa. Nabadilisha jina. Duka linaruhusu." Akaandika TEO, akabonyeza, na kweli jina langu likaondoka pale juu. Akampigia Mwalimu simu, njoo uone, yamekwisha. Mwalimu akaja, akaona TEO, akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole chake kikasimama.

"Na huu mshale mdogo hapa pembeni ni wa nini?"

"Hata sijui, Mwalimu."

Wakaubonyeza. Kikashuka kijisanduku: majina aliyowahi kutumia. Skolastika.

Niambieni ninyi mnaotetea vile vikorombwezo, kile kilimsaidia mchezaji gani? Nani Mbinga au popote alilala njaa kwa kukosa mshale wa kuonyesha mtu alikuwa anaitwa nani jana? Mwalimu Gaspari akakunja kofia yake. Sasa hata huzuni haikuwepo.

"Kumbe mnajificha," akasema.

"Mwalimu, ni mimi niliyebadilisha, mtoto hahusiki," Mjomba akasema.

"Mtu asiye na kosa habadilishi jina, Teofili."

Nyumbani Mama alikuwa ameshapokea gauni kwa fundi, jeupe, na veli yake ya kichwani. Limetundikwa kwenye msumari, limefunikwa shuka lisipate moshi. Tulikuwa kwenye vichanja tunachambua kahawa, tunatoa punje mbovu. Mama akasema bila kunitazama, "Sema tu yaishe, Skola."

"Nitakuwa nimedanganya, Mama."

"Kidogo tu. Kwa ajili ya Komunyo."

Akasikia mwenyewe alichosema, akasimamisha mikono. Tukatazamana. Akaanza kucheka, nikacheka, mpaka jirani akauliza kulikoni. Halafu akajipangusa macho kwa kanga akasema, "Mimi sijui. Mimi nataka uvae gauni upokee na wenzako. Basi."

Na mimi nilikuwa nataka hivyo hivyo. Msidhani nilikuwa shujaa. Nilitaka mshumaa, nilitaka kutembea wawiliwawili, nilitaka kujua hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo, ina ladha gani, maana waliotangulia walikataa kutuambia. Na ndani yangu bado kulikuwa na ile hofu kwamba ukurasa unajua nisichokijua. Nikaokota kijiti. Siku ina saa ishirini na nne. Nikaanza kugawanya pale chini kwenye vumbi, kati ya miguu ya kichanja, mia sita na kumi na moja kwa ishirini na nne. Ikatoka siku ishirini na tano, mchana na usiku, na saa kumi na moja zimebaki juu. Siku ishirini na tano bila kulala, bila kula, bila kwenda haja. Nikairudia hesabu, jibu lilelile. Nikamwita Mama. "Mama, nimewahi kupotea siku ishirini na tano?"

"Upotee uende wapi? Nisingekuona?"

Nadhani hapo ndipo kile kitabu kilipofungwa kichwani mwangu. Nilielewa kwamba kitu kinaweza kuwa na jina langu, kikahesabu sawasawa bila kukosea hata saa moja, na kikawa hakisemi habari zangu hata kidogo. Nilijisikia mwepesi, na kwa mara ya kwanza nilijisikia mkali.

Jumamosi tulikuwa ndani ya jengo la mafundisho, sakafu imepakwa nta, tumeketi kwenye mabenchi miguu haifiki chini. Mwalimu Gaspari akaniita mbele. Nikaficha mikono nyuma.

"Haya, Skolastika. Waambie wenzako."

"Nimecheza mara tatu. Mara ya tatu nilitumwa mkaa nikachelewa kwa makusudi. Naomba radhi kwa hiyo."

"Na saa mia sita?"

"Zina wenyewe, Mwalimu."

Kelele kidogo. Mwalimu akawageukia wote. "Nani mwingine anacheza kwa Teofili? Anyooshe mkono."

Ningeweza kutaja majina kumi na manne. Niliyaona yote pale, nyuso zinatazama vidole vya miguu. Egidia alikuwa benchi la kwanza, midomo inacheza kama mtu anayeanza neno. Nikasubiri. Wote tulijua neno lake huchukua muda. Lakini halikutoka, na mkono haukupanda.

Sikuwataja. Wapo waliosema baadaye kwamba nilikuwa na moyo mzuri, si kweli. Nilikuwa nimewakasirikia. Ila sikujua nani alicheza saa ngapi, na nikiwagawia kwa kukisia ningekuwa nafanya kazi ileile ya ukurasa. Mwalimu akatoa orodha iliyochapwa na Mjomba, akaweka rula, akapiga mstari juu ya jina langu, mstari ulionyooka vizuri.

Nimefikiri sana kuhusu Egidia miaka hii. Siku hizi yuko Mbuji, ana mume na watoto, tukikutana mnadani tunasalimiana vizuri na hatugusi hili. Zamani nilisema alinisaliti. Sasa naona sote wawili tuliibiwa kwa pamoja. Mimi nilipewa dhambi zake, yeye akanyimwa sifa zake. Angenyoosha mkono siku ile, angepata adhabu, na medali zingebaki zinasomeka Skolastika, au Teo. Duka liliweka kila kitu cha kuhesabia mchezaji na halikuwahi kuuliza mchezaji ni nani. Mtu atasema kosa ni la Mjomba, kila mtoto angefunguliwa akaunti yake. Huenda ni kweli. Lakini mashine ilikuwa moja, na duka lilitengenezwa na watu wasiofikiri kwamba watoto kumi na watano wanaweza kukaa kwenye kiti kimoja. Sisi tulifikiri hivyo kila siku. Kwetu ndivyo vitu vinavyotumika.

Na Mwalimu Gaspari? Ameshafariki, nami nilikwenda kumzika. Alikosea, na alikosea kwa kutumia kitu kilichoandikwa vizuri. Wakubwa wengi zaidi yake wanakosea hivyo sasa, na simu mkononi.

Jumapili yenyewe ya Komunyo ikafika. Nilianza kuvaa gauni, Mama akasimama. "Unalivaa la nini na hupokei?"

"Limeshonwa kwa vipimo vyangu."

Hakunizuia. Mjomba Teo alikuja amenyoa, akakaa upande wangu wa kushoto kama askari. Tulikaa benchi la wazazi, mimi pembeni kabisa, kwenye njia. Watu waliniangalia, na mimi niliwaangalia. Mtoto mwenye gauni la Komunyo na veli, asiye kwenye mstari: waliuliza kwa macho na hakuna aliyepata jibu kwangu. Sikuinamisha kichwa. Shingo iliniuma kwa kutokuinamisha.

Wakaanza kupita wawiliwawili na mishumaa. Egidia akapita, nta inamdondokea kwenye glavu, hakugeuka. Mwalimu Gaspari alitembea pembeni ya mstari akiwanyoosha. Alipofika kwangu akasimama, akainama mpaka nikasikia harufu ya sabuni na ya dawa ya viatu.

"Skolastika," akanong'ona. "Nyuma ya mstari kuna nafasi. Niambie mimi tu, sikioni, kwamba zile saa ni zako. Sitamwambia mtu. Nitakuweka sasa hivi."

Alimaanisha. Niliona kwenye macho yake kwamba alitaka nipite, alitaka kuliko hata mimi, na ilikuwa vigumu zaidi kwa sababu hiyo. Miguu yangu ilishaanza kunyanyuka. Niliona mgongo wa mtoto wa mwisho na pale penye nafasi pembeni yake.

"Ngapi?" akauliza.

"Mara tatu, Mwalimu."

"Mtoto wangu."

"Tatu."

Akanyooka, akawafuata wenzangu. Kwaya ikaanza. Mjomba Teo alikuwa analia waziwazi kama mwanamume aliyefiwa, ikabidi Mama ampe kona ya kanga yake. Mimi nilikaa vizuri kwenye benchi, nikalitandaza gauni magotini lisipate mikunjo, nikalipima kwa macho mpaka miguuni. Nilikuwa narefuka haraka mwaka ule.

"Mama," nikanong'ona, "pindo lina nafasi ya kushushwa mwakani?"

Mama akainama katikati ya wimbo, akaligeuza pindo kwa vidole viwili, akatazama mshono.

"Ipo," akasema.